Tope la Igombe

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Nilikuwa nimeandaa tafakari juu ya Zaburi ya 121. Niliifikisha nusu kwenye daftari langu, kisha nikaiacha. Ningeituma ningekuwa nawadanganya, kwa sababu si hiyo iliyoninyima usingizi juma hili. Kilichoninyima usingizi ni jambo lililonikuta Igombe, kwenye bwawa la karibu na mji wetu wa Tabora, tulikofanyia kambi ya vijana.

Mnajua vijana wetu walitamani kambi ya mwaka huu tukaifanyie Mufindi. Wameona picha za wenzao: mahema kando ya bwawa huko milimani, misonobari imesimama nyuma yake mistari kwa mistari, ukungu umelala juu ya maji. Siwalaumu. Mimi mwenyewe niliwahi kwenda huko na kwaya, zamani, tukalala usiku mbili karibu na msitu wa Sao Hill, na mpaka leo nikifumba macho naipata ile harufu ya utomvu. Kuna kitu kimoja sijakisahau. Chini ya ile miti hakuna vumbi. Majani yake membamba kama sindano yameanguka tabaka juu ya tabaka mpaka yamekuwa godoro, unakanyaga na husikii mguu wako. Usiku wa pili mvua ilinyesha. Alfajiri nikashuka bwawani na ndoo nikijua nitakuta maji ya tope, nikayakuta yanang'aa kama jana yake. Nilishukuru, nikachota, sikuuliza kwa nini. Jibu nimelipata juma lililopita, kutoka kwa mzee mmoja mvuvi ambaye sidhani kama amewahi kuuona msonobari.

Basi, nauli ya Mufindi haikupatikana. Tukaomba ruhusa, tukaenda Igombe na lori la kukodi, mahema ya kuazima na masufuria ya kanisa. Wapo vijana walionuna njia nzima. Niliwaambia, na narudia hapa, kwamba bwawa mnalolidharau ndilo lililowalea. Kabla maji ya Ziwa Victoria hayajafika mjini kwetu, bomba la Isevya na la Ng'ambo lilikuwa linategemea Igombe. Sisi wazazi wenu tunaikumbuka miaka ya ukame, madumu yamepangwa foleni toka saa tisa usiku, mtu anasukuma baiskeli yenye madumu manne huku mtoto amembeba mgongoni. Mwaka ule Igombe ilipopungua, mji mzima ulijua.

Tulifika Ijumaa jioni. Ni mwisho wa Septemba, mvua ya mwisho tuliiona miezi mingi nyuma, ardhi imepasuka, lakini miyombo imeanza kuvaa majani mapya mekundu kama shaba. Miti hii haisubiri mvua ndipo ichipue. Inachipua kwa maji yaliyo chini kabisa, mizizi inakofika. Mtu mwingine angepata tafakari nzima hapo, na Yeremia 17 angekuwa naye. Mimi napita, maana langu liko mbele.

Usiku ule nilipangiwa kuongoza maombi ya ufunguzi. Nikasimama karibu na moto, nikaomba. Maneno yalikuja, tena mazuri. Vijana wakaitikia amina kwa nguvu, wengine walilia. Na mimi, wapendwa, ndani yangu palikuwa pakavu. Nilijisikia kama ninayesoma barua ya mtu mwingine. Haikuwa mara ya kwanza. Hali hiyo ilikuwa nami tangu baada ya Pasaka, na nilikuwa naiita uchovu.

Jumamosi niliamka kabla ya wote, nikaenda ukingoni. Mzee mmoja alikuwa anasogeza mtumbwi wake kwa upondo.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Mmelala salama?"

Tukazungumza kidogo habari za perege na kambare, jinsi wanavyopatikana siku hizi. Nikamwambia namshukuru Mungu kuona bwawa bado ni kubwa vile nilivyolijua nikiwa msichana. Akanitazama, akauzamisha upondo mbele yangu. Ulisimama ukiwa haujafika hata nusu.

"Mahali hapa," akasema, "zamani ulikuwa unaingia wote, na mkono wangu unalowa."

Nikauliza kama maji yamepungua.

"Maji hupanda na kushuka kila mwaka, hiyo ni kawaida yake. Kilichopanda na hakishuki ni tope."

Akanieleza. Huko juu yanakotoka maji watu wamekata miti, huyu apate mkaa, yule apate kuni za kukaushia tumbaku, mwingine apate shamba. Palipobaki na miti, moto wa kila kiangazi unakula majani makavu yaliyofunika udongo. Novemba mvua ya kwanza ikija na nguvu zake inaukuta udongo uko uchi, inauzoa, inauleta bwawani. Kila mwaka kidogo. Hakuna siku ambayo mtu aliamka akasema leo bwawa limejaa tope. "Nyie mnaosimama ukingoni," akasema, "mnaona bwawa lilelile, upana uleule. Anayejua ni mimi ninayetia upondo."

Hapo nikaelewa yale maji ya Mufindi. Udongo wa kule ulikuwa umefunikwa, mvua haikuukuta uchi.

Nilimuaga babu, nikarudi kwenye hema, nikalia. Upana uleule. Maombi ya Jumatano naongoza mimi, kikundi cha akina mama nipo, vijana mimi ndiye mlezi, msibani mimi ndiye ninayeitwa kusema neno la faraja. Mtu akinitazama kutoka ukingoni anaona bwawa. Bwana aliutia upondo wake usiku ule karibu na moto, na mimi nikausikia unagonga chini.

Fungueni Mwanzo 26. Tunaipenda sura hii kwa sababu ya Isaka kupanda na kuvuna mia kwa mia, tunaihubiri sana siku za mavuno. Lakini someni mstari wa 15: vile visima vyote walivyochimba watumwa wa Ibrahimu, Wafilisti walikuwa wamevifukia na kuvijaza kifusi. Kumbe maji hayakuondoka. Hakuna aliyeyabeba. Yalikuwa palepale chini, na juu yake kifusi, na mtu angeweza kufa kwa kiu amekaa juu ya kisima cha baba yake. Mstari wa 18 Isaka hakwenda kwanza kutafuta mahali papya. Alivichimbua visima vilevile, akaviita majina yaleyale aliyoyaita baba yake.

Ndugu yangu unayesema umekauka, nakusihi usikimbilie kusema Mungu amekuacha. Aliyekujaza siku ile ulipompokea hajapungua. Yule aliyekuamsha saa kumi usiku ukaomba kwa machozi ukiwa huna hata kitanda, ni yuleyule. Wala usikimbilie kuhama kanisa, kutafuta mtumishi mwingine, mafuta mengine, mkesha mwingine wenye kelele zaidi ya ule wa kwanza. Unatafuta mvua, na mvua inakunyeshea kila Jumapili! Neno unalisikia, nyimbo unaziimba, unalia, unafurahi, Jumatatu huna kitu. Siyo mvua iliyokosekana. Mahali pa kuishikia pamejaa. Muulize Bwana pamejaa nini. Muulize kwa jina, usiombe kwa jumla jumla, "unisamehe makosa yangu yote," ukainuka ukapangusa magoti. Upondo haugusi kwa jumla, unagusa mahali fulani.

Tena nataka niseme na sisi viongozi, na mchungaji wangu akisoma anivumilie. Tunaikata miti ya ukingoni kwa mikono yetu wenyewe. Ile saa ya alfajiri kabla nyumba haijaamka ndiyo mti. Chakula cha jioni na watoto bila simu mezani ni mti. Siku moja ya kupumzika katika saba, aliyoiweka Mungu mwenyewe, ni msitu mzima, na tumeufyeka kwa vikao vya kamati. Halafu tunajisifu kwamba tunachoka kwa ajili ya Bwana. Hata kambi yenyewe: ratiba ya kwanza iliyoletwa kwangu ilikuwa na semina sita kwa siku, spika mpaka saa sita usiku, na dakika kumi na tano zimeandikwa "binafsi na Mungu", nazo zikaliwa na matangazo. Niliipitisha mimi. Niliitia sahihi.

Marko 6:31 Bwana aliwaambia mitume, "Njoni ninyi peke yenu kwa faragha, mahali pasipokuwa na watu, mkapumzike kidogo." Angalieni aliwaambia akina nani. Hawakuwa wavivu wala walioshindwa. Ni watu waliorudi kutoka kazini na ripoti nzuri, pepo wametoka, wagonjwa wamepona, na watu walikuwa wengi hata nafasi ya kula haikuwapo. Hao ndio aliowaita kando. Kama Petro na Yohana walihitaji, wewe mwenye mikutano minne kwa juma ni nani hata usihitaji? Dada yangu, kaka yangu, huduma ambayo Yesu hakuiruhusu imnyime hata yeye kwenda kuomba peke yake, wewe unairuhusu ikunyime. Hiyo si bidii. Rudini.

Jumamosi ile tulifuta semina nne. Vijana walishangaa. Tukawatuma waketi mmoja mmoja chini ya miyombo, simu zimebaki kwenye kapu langu, mpaka jua lilipokuwa kali.

Lakini mimi nilijua tope langu lina jina, na jina hilo lilikuwa jikoni.

Mwanzoni mwa mwaka nilimdhamini mwenzangu mmoja wa kanisani kwenye kikoba, shilingi laki tatu na nusu. Akashindwa kurejesha. Nikalipa mimi, kutoka fedha niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya mabati. Sikumgombeza. Sikumsema kwa mtu. Nilijiona nimefanya Kikristo kabisa, nikaitwa na mwenyekiti wa kikoba nikasifiwa. Ila tangu siku hiyo kila nikimwona anaingia kanisani nilikuwa nahesabu: gauni lile ni jipya, mtoto yule amevalishwa viatu, mabati yangu hayo. Jumapili kwa Jumapili, kidogo kidogo, mpaka nikawa naongoza maombi ya toba nikiwa nahesabu. Waebrania 12:15 inataja shina la uchungu, nami nilidhani shina ni la watu wanaogombana hadharani.

Naye ndiye alikuwa mpishi wa kambi.

Nilimkuta anachemsha michembe, sufuria nyingine ina dagaa wa Kigoma wanaoloweshwa kwa mchana. Nikavuta kigoda nikakaa, nikaanza kumenya karanga. Nilikuwa nimejiandalia maneno yenye mistari ya Biblia. Yote yakapotea. Nikasema, "Dada, nimekuwa na hasira na wewe tangu Pasaka. Na nimekuwa nikikuombea mbele ya watu huku nina hasira na wewe."

Hakuinua uso. Aliendelea kusukuma kuni ndani ya moto, akasema, "Najua. Ndiyo maana nahamia benchi za nyuma."

Sikuwahi kugundua kwamba alihama benchi. Mimi mlezi, mimi mfariji wa misiba. Miezi yote ile, kila ibada, kifusi changu kilikuwa kinamsogeza mtu mlangoni mwa kanisa, hatua kwa hatua, na ningemwona tena labda siku ya kuambiwa ameacha kusali.

Tulilia pale moshi ukitusaidia kuficha, maana vijana walishaanza kuja na sahani. Akaniambia ameshapata elfu arobaini, anaziweka, aliona aibu kuleta fedha kidogo. Nikamwambia alete hizo hizo. Sikumwambia nimemsamehe deni, kwa sababu bado sijajua kama Bwana ananiambia hivyo, na sikutaka kutamka neno kubwa kwa sababu ya machozi. Nilimwomba radhi kwa hasira yangu, hiyo ndiyo niliyokuwa na uhakika nayo. Na niwaambie kweli, Jumapili tuliporudi mjini, alipovuka barabara mbele yangu, nilihesabu tena. Mara moja, kisha nikajishika. Isaka naye hakuchimbua visima vyote siku moja.

Jioni ya Jumamosi niliomba tena karibu na moto. Maneno yalikuwa machache na nilikwama mara mbili. Kijana mmoja aliniuliza baadaye kama naumwa.

Ijumaa hii nikitoka kazini nakwenda kwake Ipuli, tukae tuzungumze mpango wa hizo fedha na habari nyingine ambazo hatukuzimaliza jikoni. Maombi ya Jumatano nimemwomba mzee wa zamu aongoze mpaka mwisho wa Oktoba. Saa hiyo nitakuwa chumbani kwangu, mlango umefungwa, sina mtu wa kuniitikia amina. Mniombee, na yeye mumwombee, bila kuulizana ni nani.

Mama mlezi wenu.