Vyambo vinne vinanitosha: mtoto wa Pangani kwenye maji ya Texas

Jumamosi nikitoka zamu ya usiku, silali. Nafika nyumbani, nachemsha chai ya tangawizi, naijaza kwenye chupa, napakia fimbo mbili na kisanduku kimoja kidogo, naelekea mashariki. Kutoka Garland, mji ninaokaa, hadi ziwa la Lake Fork ni mwendo wa saa moja na kidogo, na jua linapanda mbele yangu njia nzima. Katika wiki yangu ya maboksi na mashine za ghalani, hiyo ndiyo asubuhi ninayoihesabu.

Wiki mbili zilizopita ndugu mmoja kwenye kundi letu la WhatsApp alinitumia picha ya ukuta wa duka la vifaa vya uvuvi. Ukuta mzima ni vyambo bandia, rangi juu ya rangi, vingine bei yake ni chakula cha wiki. Akauliza: "Kaka, nianze na nini?" Nilimwahidi jibu refu, nalo ni hili.

Anachotaka kuvua ni besi mdomo mkubwa, samaki ambaye Wamarekani wanampenda kuliko karibu samaki mwingine yeyote wa maji baridi. Wakenya mnamjua. Mwenzangu wa kazini, mwenyeji wa Naivasha, aliiona picha ya besi kwenye simu yangu akasema, "Huyu mbona tuko naye nyumbani!" Ni kweli: alipelekwa Ziwa Naivasha kutoka Marekani tangu miaka ya 1920, na kamba wekundu wa Louisiana wakamfuata mwaka 1970, akawafanya chakula.

Chambo anachokiulizia ndugu yetu kinaitwa swimbeti. Kina umbo la samaki mzima, na kazi yake ni kuogelea. Unakirusha, unazungusha rili, ile roda ya fimbo inayokusanya mshipi, nacho kinatikisa mkia au kinapinda mwili kama kitu chenye roho. Kuna vya mpira laini, kuna vigumu vyenye viungo, kuna vya inchi tatu na kuna vinavyokaribia urefu wa mkono kutoka kiwiko.

Sisi wa pwani jambo hili si geni. Baba yangu alikuwa akirambaza nguru nje ya mlango wa mto Pangani, tanga limejaa, mshipi unafuata nyuma ya ngalawa, na mwisho wa mshipi nyuzi nyeupe za gunia la nailoni alizozifunga mwenyewe kwenye ndoana. Nguru wa kwanza akishapanda, Baba harudishi mshipi majini upesi. Anampasua pale pale, anachungulia tumboni. Akikuta dagaa, anapunguza zile nyuzi kwa kisu ziwe fupi. Akikuta vibua, anaongeza. Kazi yangu ilikuwa kufua maji yaliyoingia ngalawani, lakini macho yangu yalikuwa kwenye kile kisu.

Nilipofika huku nililisahau somo hilo. Chambo changu cha kwanza kilikuwa cha inchi nane, kimechorwa kama samaki aitwaye trauti, mgongo kijani, ubavuni mstari wa waridi. Nilikinunua kwa sababu ya video za California. Sikujiuliza kwa nini California. Kule trauti wa kufugwa humwagwa kwenye mabwawa kama Castaic, na besi wenye asili ya Florida, walioletwa San Diego mwaka 1959, wakajifunza kuwameza na kunenepa. Machi 1991 Castaic ilitoa besi wa pauni 22, karibu kilo kumi. Wavuvi wa huko wakaanza kuchonga na kumimina vyambo vikubwa vya sura ya trauti kwa sababu trauti ndiye aliyekuwa mezani. Besi wa Lake Fork hawaishi kwa trauti. Niliking'ang'ania miezi miwili bila hata kuguswa. Kilikuwa kizito mno kwa fimbo yangu pia, na asubuhi moja mshipi ulijisokota ndani ya rili katikati ya kurusha, ukakatika, chambo kikaenda zake peke yake hadi katikati ya ziwa. Ilikuwa fedha ya saa mbili za ghalani. Iliniuma.

Kilichonirudisha kwa Baba ni samaki mwenyewe. Mzee mmoja wa Kimarekani, jirani yangu, alinipakia kwenye boti yake mwezi wa kumi, akanipa chambo kidogo cha mpira. Nikapata besi wa kilo moja na nusu hivi. Nilipomshika mdomo kumtoa ndoana, akatapika kitu kwenye sakafu ya boti. Nikakiokota, nikakiweka kiganjani. Samaki mdogo, urefu wa kidole changu cha kati, tumbo la fedha, mgongo kijivu unaoelekea buluu, doa jeusi nyuma ya shavu, na mkia wenye umanjano. Ngozi ilikuwa imeanza kuyeyuka, lakini jicho bado lilikuwa zima. Huyo ni shedi, wa ukoo wa dagaa wa baharini. Nikakitazama chambo kilichokuwa kinaning'inia kwenye fimbo, nikamtazama shedi. Urefu sawa, tumbo sawa. Sikuhitaji maelezo mengine.

Basi ndugu yangu, kabla hujagusa rafu, jua meza ya ziwa lako ina nini. Lake Fork ina shedi wa aina mbili: huyu mdogo, na mwenzake anayekua hadi kupita inchi kumi na mbili. Ina blugili pia, samaki bapa, mpana, ukimwona kwa mbali utadhani ni perege. Vyambo vyangu vinne vimetoka kwa hao watatu.

Cha kwanza, na kama fedha yako ni ya kimoja tu basi nunua hiki, ni cha mpira chenye mkia wa kasia, inchi 3.8. Mimi natumia Keitech Swing Impact FAT, rangi ya fedha yenye mgongo wa kijivu. Mpira wake ni laini sana, mwili una mikunjo kama ya mnyoo, na mkia unapiga hata ukivuta polepole mno. Umetiwa harufu ya ngisi. Nilipofungua pakiti mara ya kwanza nilinusa nikajikuta niko sokoni Pangani. Kivishe ndoana yenye kichwa cha madini ya risasi cha gramu 7 hadi 10. Hapa usifanye haraka. Ingiza ncha katikati ya pua, pitisha kwenye mstari wa uti wa mgongo, utokezee juu katikati kabisa. Ndoana ikitoka pembeni hata kwa unene wa uzi, chambo kinalala ubavu na kuzunguka kama jani, na hakuna samaki anayekimbia hivyo. Kitumbukize kando ya boti kwanza, kivute hatua mbili, kiangalie. Kikinyooka, rusha. Kisha vuta kwa mwendo mmoja usiobadilika, bila mbwembwe za mkono. Kazi ni ya mkia.

Cha pili ni hicho hicho kwa umbo, lakini cha inchi 4.8, kwenye ndoana pana yenye uzito mdogo shingoni, ncha yake ikiwa imefichwa mgongoni mwa mpira. Hiki ni cha kupita kwenye magugu. Lake Fork ina magugu ya kutosha, na besi hukaa humo kivulini akingoja. Akiuma, usistuke, subiri uzito uukaze mshipi ndipo uvute kwa nguvu, ili ncha ipasue mpira itoke.

Cha tatu ndicho ninachokipenda. Ni kigumu, vipande viwili vilivyounganishwa kwa kiungo kimoja, nacho hakitikisi mkia bali kinateleza kulia, kinateleza kushoto, kama nyoka akikata maji. Changu ni River2Sea S-Waver ya milimita 168, rangi ya blugili. Jinsi ya kukiendesha ni nusu mzunguko wa mkono wa rili, acha. Nusu mzunguko, acha. Kila ukiacha, kinageuza ubavu na kuonyesha mwili wote. Siku maji yakiwa maangavu utamwona besi mwenyewe anakuja nyuma yake, mkubwa, mweusi mgongoni, hana haraka, pua yake shibiri moja kutoka kwenye mkia. Moyo unapiga hapo. Wengi wetu tukimwona tunasimamisha mkono, na kumbe samaki anayefukuzwa hasimami. Mpe mizunguko miwili ya haraka, kichepuke kama kilichoshtuka, kisha acha. Mara nyingi ni hapo mdomo unapofunguka. Kuna siku atafuata mara kumi asiume. Hata hizo ni siku njema, kwa sababu sasa unajua anakaa wapi, na jioni unaweza kurudi na kile kidogo.

Cha nne ni Megabass Magdraft ya inchi sita, cha mpira, chenye ndoana ya makucha matatu chini ya tumbo inayoshikwa na sumaku isining'inie. Ninakitoa mwisho wa majira ya baridi, besi majike wakubwa wanapokusanya nguvu kabla ya kutaga na wanataka tonge moja la maana. Polepole, karibu na chini, juu ya vilima vya majini na kandokando ya vihori. Rangi yake ni ya shedi mkubwa.

Hivyo ndivyo vyote. Kuna vigumu vyenye viungo vitano sita. Vizuri, lakini kazi yao naifanya kwa cha tatu. Kuna mtambo wa waya wenye mikono mitano, kila mkono na chambo chake, uliopata jina kubwa Oktoba 2011 pale Paul Elias aliposhinda mashindano Lake Guntersville, Alabama, kwa samaki wa jumla ya pauni 102 na aunsi 8. Sina ugomvi nao. Unachosha bega, na kwa mvuvi wa ukingoni ukinasa kwenye gogo umepoteza vyambo vitano kwa mpigo.

Rangi usihangaike nayo sana. Maji maangavu, fuata rangi ya samaki wa kweli. Maji ya tope baada ya mvua, nyeupe au nyeusi, ili kivuli kionekane. Kinachobadilika zaidi ni mwendo. Januari baridi ikiwa kali na maji yakikaribia nyuzi 7 za Selsiasi, shedi wadogo hushindwa, wengine hufa, huzama wakitetemeka. Chambo chako nacho kizame, kitulie, kisogee kidogo. Mwezi wa kumi shedi wakiingia vihorini kwa makundi, kimbiza.

Fimbo ya wastani, yenye mshipi wa pauni 12 hadi 15 (ndio uzito unaoweza kuhimili kabla ya kukatika), inatosha viwili vya kwanza. Kwa viwili vya mwisho chukua fimbo nzito ya futi saba na nusu au zaidi, na mshipi wa pauni 20. Usirudie kosa langu.

Na leseni, tafadhali. Ukiwa na miaka 17 na kuendelea unaihitaji; ukishaishi Texas miezi sita mfululizo unalipa bei ya mkazi. Ukitaka kujaribu kwanza, ndani ya hifadhi za jimbo unaruhusiwa kuvua ukingoni bila leseni. Lake Fork yenyewe ina sheria yake: besi wa kati ya inchi 16 na 24 hurudishwa majini, wote. Mdogo wangu alipoona video namrudisha samaki mnene vile aliniandikia, "Kaka, huko mna njaa ya nini hasa?" Nikamweleza kwamba hao ndio wazazi wa ziwa. Rekodi ya jimbo zima, besi wa pauni 18.18, ilitoka kwenye maji haya mwaka 1992. Nalowesha mikono kwanza, nawashika kwa taya na chini ya tumbo, nawaachia.

Desemba iliyopita shangazi alikuwa anasafiri kwenda Tanga. Nikampa pakiti moja ya vile vya inchi 4.8 ampelekee Baba. Siku hizi haendi mbali, lakini kukitulia bado anatoka. Zilipita wiki tatu, ikaja sauti yake kwenye simu, upepo unavuma nyuma:

"Mwanangu, mzigo wako nimeupata. Mkia wake una akili. Nimerambaza nacho mara moja tu, nguru akaukata kwa meno, lakini alikuja, na ndoana ilimshika. Nimempasua. Tumboni ana vibua, wakubwa kuliko hiki chako. Nitafutie kirefu zaidi, mgongo uwe wa kijani."