Viatu vya kwanza vya mtoto kwenye mawe ya Goma

Ndani ya nyumba, mwanangu wa miezi 13 alitembea pekupeku bila shida. Shida ilikuwa uani. Kwetu Goma tunakanyaga lava ya 2002 ya volkano ya Nyiragongo, mawe meusi yenye makali kama chupa iliyovunjika. Hatua tatu, kilio.

Nikakimbilia soko la Birere, nikanunua buti ngumu za kufunika kifundo, eti zinakaza mguu. Akawa anatembea kama bata, mara chini. Nilipomvua, kidole cha mwisho kilikuwa chekundu na kisigino kimechubuka. Pesa imekwenda.

Mama mkwe alikichukua kimoja akanirudishia: "Mwanangu, hebu kikunje." Hakikukunjika.

Safari ya pili nilikwenda na kipimo. Jioni nilimsimamisha juu ya kartoni, nikachora nyayo zote mbili (wa kulia ulizidi kidogo), nikaongeza sentimita 1 mbele ya kidole kirefu zaidi, nikakata. Sokoni nikawa natumbukiza kartoni kubwa ndani ya kila kiatu, ikijipinda, narudisha. Kisha nakikunja kwa mkono: kikipinda penye vidole, sawa, kikipinda katikati, hapana. Kulikuwa na mitumba ya ngozi nzuri sana, lakini nyayo ya mtoto mwingine ilishajichimba ndani.

Nikapata vya kitambaa, mbele vipana, vyenye mkanda wa kunata na soli ya mpira inayokunjika ila jiwe halipenyi. Ndani bado anatembea pekupeku. Kila wiki 6 nampima upya; juzi kidole kilishagusa ukingo wa kartoni.