Siku moja maishani mwangu: siku ya kufunga turbo kwenye Impreza ya 2001

Saa 12 na robo asubuhi niko ofisi ya mizigo stendi, Arusha ina baridi ile ya kuongea unatoa moshi mdomoni, na boksi langu limeshafika na basi kutoka Dar, limezungushiwa selotepu mpaka katoni haionekani. Sikusubiri kufika gereji, nikalifungua palepale juu ya benchi nikatoa turbo, ile feni inayozungushwa na moshi wa eksozi ili isukume hewa ya ziada kwenye injini. Kitu cha kwanza ni vidole. Unashika nati ya mbele ya feni unasukuma ndani unavuta nje, hapo hutakiwi kusikia kitu, halafu unaitikisa kulia kushoto, hapo kamchezo kadogo ni kawaida maana beringi zake zinaelea kwenye oili na saa hizi ni kavu, ila feni isiguse ukuta. Hii haikugusa. Nikaizungusha ikaenda laini bila kukwaruza, nikaziba matundu yote na nailoni, nikapanda bodaboda nimeipakata mpaka Unga Ltd.

Gari yenyewe ni Subaru Impreza WRX ya 2001, ile yenye taa za duara, injini EJ205 ya lita 2. Mwenyewe ni kijana anaendesha watalii, na hii ndo gari aliyoitamani tangu yuko shule. Ilikuja kwangu inatoa moshi wa bluu, inalia kama king'ora ukikanyaga mafuta, na nguvu hamna. Turbo iliyokuwemo, TD04L, imekufa.

Kwenye kuchagua tulibishana wiki nzima. Yeye alitaka kitu kikubwa, 20G, kwa sababu ya video alizoona kwenye simu. Nikamwambia mdogo wangu, hizo gari unazoziona ziko usawa wa bahari, sisi hapa tuko kama mita 1,400 juu na hewa yetu ni nyepesi. Nikachukua karatasi nikamchorea. Dar presha ya hewa ni kama baa 1.01, hapa ni kama 0.86. Ukiwa Dar ukataka busti, yaani presha turbo inayoongeza juu ya hewa ya nje, ya baa 1, turbo inaizidisha ile hewa ya nje karibu mara 2. Hapa Arusha ukitaka injini ipate hewa ileile ya Dar, turbo inabidi izidishe kama mara 2.34, yaani feni izunguke kasi zaidi na hewa itoke ya moto zaidi, wakati hata kule chini feni inapita mizunguko laki moja kwa dakika. Kwa hiyo turbo ndogo huku juu inaishiwa pumzi mapema. Na kubwa sana nayo inachelewa kuamka, kwa sababu kabla busti haijaja injini yenyewe inavuta hewa nyepesi, moshi wa kusukuma feni unakuwa kidogo. Nikamuuliza, ukiwa unapanda zile kona za kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu unataka nguvu saa ngapi, ukiingia kwenye kona au ukishaimaliza? Akakaa kimya kidogo akasema kaka chagua wewe. Nikachagua ya saizi ya kati, TD05H-16G, ile inayotengenezwa kukaa palepale pa Subaru bila kuchomelea chochote.

Kuna muuzaji wa Kariakoo alitaka kutupa IHI ya mtumba iliyotoka kwenye STI ya Japani, bei nzuri kweli, nikamwambia nitumie picha ya mdomo wake wa chini. Ina matundu mawili. Ile ni twin scroll, eksozi yetu inaleta moshi kwenye tundu moja, haikai. Watu wengi wanaliwa hela hapo, naomba uombe picha ya mdomo kabla hujatuma hata shilingi.

Saa 2 na nusu tumeanza kufungua, mimi na saidia fundi wangu. Intakula, ile rejeta ya kupoza hewa inayotoka kwenye turbo, inatoka kwanza maana iko juu kabisa, halafu bati la kuzuia joto, halafu bomba la eksozi la kushukia. Nati tatu zinazoshika turbo chini tulikuwa tumezilowesha WD-40 tangu jana jioni, mbili zikatoka vizuri, ya tatu studi, yaani ule msumari wa nati, ikakatika. Dogo akanitazama. Nikamwambia tulia, hii ni miaka zaidi ya 20 ya moto na kupoa, tungekuwa na haraka tungekata zote tatu. Kuitoa ile iliyobaki kumetuchukua mpaka saa 5, tunaitoboa katikati kidogokidogo na drili, hapo ukikosea ukatoboa pembeni umeharibu flenji yote, ule uso wa chuma turbo inapokalia.

Turbo ya zamani ilivyotoka nimeishika nikaitikisa, shafti inacheza mpaka feni imekwangua ukuta, alama zinang'aa. Geuza intakula, oili ikatiririka, karibu kikombe cha chai. Hiyo lazima ioshwe ndani mpaka itoke safi na ikauke, la sivyo utafunga turbo mpya gari iendelee kutoa moshi, mteja atasema umemuuzia kimeo, na oili ikiingia kwenye silinda pamoja na busti injini inaanza kugonga, pistoni zinapasuka.

Saa 7 wali maharage wa mama ntilie, nimekula nimesimama.

Saa 8 ndo nimefika kwenye kitu kilichokuwa kinaninyima raha tangu gari imekuja. Turbo haifi tu yenyewe. Kuna kilichoiua, na usipokijua kitaiua na mpya, pengine wiki hiyohiyo. Kwenye hizi injini za Subaru zenye AVCS, mfumo wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka, bomba la oili la turbo linaanzia nyuma ya kichwa cha injini cha kulia, na ndani ya bolti yake yenye tundu kuna kichujio kidogo cha waya, ukubwa wa ncha ya kidole cha mtoto. Nimeifungua ile bolti, nikaigonga kwenye kiganja, kikatoka kichujio hakionekani waya. Kimejaa uchafu mweusi mgumu kama mkaa, na katikati kuna kamkia ka silikoni nyekundu, ile gundi ya kuzibia mafuta yasivuje. Silikoni! Kuna mtu, gereji iliyopita, alifunga kava au sijui nini akapaka silikoni nyingi, iliyozidi ikamegukia ndani, ikasafiri na oili mpaka hapo ikaziba. Turbo ilikuwa inakunywa matone. Nilikasirika kweli, kwa sababu kijana wa watu ametafuta hela mwaka mzima kwa kosa la dakika mbili.

Nimempigia simu nikamweleza vyote, nikamwambia leo haitaondoka mpaka nipime presha ya oili. Akasema sawa kaka, fanya unavyoona.

Basi tukamwaga oili, filta mpya, bomba la oili nimelisafisha na kulipuliza na upepo, kichujio kipya, washa za shaba mpya kila upande. Gasketi mpya zote, silikoni hamna hata chembe. Bomba la kurudisha oili nimelikagua mara mbili lishuke moja kwa moja bila kujikunja, kwa sababu oili pale inarudi kwa kuanguka tu, hakuna pampu ya kuisukuma, likijikunja oili inapanda inavuja kwenye sili na unarudi kwenye moshi wa bluu.

Saa 11 turbo imekaa. Kabla ya kuwasha nimemimina oili safi kwenye tundu lake huku naizungusha feni kwa kidole mpaka nikaisikia imekuwa nzito kidogo, nikachomoa soketi za injekta, zile za kupuliza mafuta, ili injini isiwake, dogo akapiga stata kwa vipande vya sekunde kumi kumi mpaka taa ya oili ikazima. Ndo tukawasha. Moshi mweupe mwingi dakika tano, hiyo ni oili ya zamani inaungua kwenye eksozi, halafu ukapungua, ukaisha. Maji tumeyajaza taratibu, hewa imetoka. Injini ilivyopata moto geji imesoma juu ya baa 1 kwenye sailensa, yaani injini inanguruma bila kukanyagwa, na ikapanda vizuri tulipoinua mizunguko. Hapo ndo nimekaa chini kwa mara ya kwanza.

Saa 1 usiku mwenye gari amekuja moja kwa moja kutoka safari, bado ana vumbi, akasimama mbele ya boneti anasikiliza tu. Nimempa kile kichujio kwenye kinailoni, akakiangalia na tochi ya simu muda mrefu. Halafu akaomba aizungushe mara moja tu mpaka Kisongo. Nimemkatalia. Turbo hii inaleta hewa zaidi, injekta na kontroboksi, yaani kompyuta ya injini, bado ni za kiwandani, ukikanyaga leo mafuta hayatoshi. Jumamosi anakuja jamaa wa laptopu wa kuipanga upya hiyo kompyuta, na injekta kubwa, tutaanza na busti ndogo ya springi ya westigeti peke yake, ile valvu ya kupunguza moshi unaosukuma turbo, tuangalie mchanganyiko wa hewa na mafuta ukiwa umekanyaga wote ukae karibu na 11 kwa 1, ndipo tupandishe kidogokidogo.

Ameelewa. Ufunguo nimeondoka nao mimi.