Ngoma za Kompyuta, Gitaa la Kaseti

Nimemaliza kuhamisha wimbo mwingine kutoka kwenye kaseti kuingia kwenye kompyuta, na nataka kuandika kwa nini ninaendelea na mzunguko huu wote, ilhali programu ya kurekodia ingeweza kuifanya kazi yenyewe tangu mwanzo hadi mwisho.

Mashine yangu ni kinasa sauti cha kaseti chenye njia nne, yaani mistari minne ya mkanda inayoweza kubeba kila mmoja sauti yake, cha ukoo ulioanza mwaka 1979 TEAC ilipotoa Portastudio 144, iliyokusanya mixa (kifaa cha kuchanganya sauti) na kinasa sauti katika kifaa kimoja cha kuwekwa mezani. Kaseti ya kawaida ina njia mbili kila upande. Mashine hizi huzitumia zote nne kwa mwelekeo mmoja, kwa hiyo ukiigeuza kaseti utausikia muziki wako ukienda kinyumenyume.

Kinachotatiza zaidi katika kuoanisha vifaa hivi viwili ni muda, wala si ubora wa sauti. Kompyuta huhesabu sampuli 44,100, yaani vipimo vidogo vya sauti, kila sekunde bila kuyumba, lakini mkanda huvutwa na mota. Mota hiyo ikizembea kwa nusu asilimia tu, wimbo wa dakika 3 utakuwa umebaki nyuma kwa takriban sekunde 0.9 ufikapo mwisho, na hakuna sikio litakalovumilia hilo. Kuunyoosha wimbo mzima kwa programu hakutoshi, kwa kuwa kasi yenyewe hupanda na kushuka njiani. Ndiyo maana noti ndefu ya piano iliyorekodiwa kwenye kaseti husikika ikitikisika.

Basi nimezoea kuzitoa ngoma kwenye programu na kuzirekodi katika njia ya kwanza ya kaseti, kisha napiga besi na gitaa na kuimba katika njia tatu zilizobaki huku nikizisikiliza. Wakati wa kurudi, njia zote nne huingia kwenye kompyuta kwa mkupuo mmoja, kila moja kwa waya wake, maana zikihamishwa mojamoja kila moja itakuja na mwendo wake na hazitapatana tena. Ngoma zilizotoka kwenye mkanda nazipanga chini ya zile za asili, na kila zinapoanza kuachana nazikata njia zote nne pamoja na kuzisogeza kidogo, kisha ngoma za mkanda nazizima. Wapo wanaotenga njia nzima kwa ajili ya mlio maalumu wa kuiongoza kompyuta. Sipendi kupoteza njia namna hiyo. Ngoma nazo zinaila njia, ni kweli, lakini angalau nazihitaji masikioni ninapopiga.

Viwango vya sauti navyo vina adabu mbili tofauti. Kwenye mkanda naiacha sindano ya kipimo cha sauti iguse eneo jekundu besi inapopigwa kwa nguvu, kwa sababu mkanda hubana vilele vya sauti taratibu. Kwenye kompyuta, wimbi likivuka sifuri, ambayo ndiyo kiwango cha juu kabisa, hukatwa kichwa papo hapo, hivyo wakati wa kuhamisha naacha vilele viishie karibu na desibeli 12 chini ya sifuri. Kwa rekodi ya biti 24, ambayo hunasa vizuri hata sauti ndogo, hakuna haja ya kusogelea zaidi.

Hata hivyo, lile "joto" la mkanda linalosifiwa kila mahali naliona limetiwa chumvi. Sehemu kubwa yake ni masafa ya juu kufifia na vilele kubanwa. Besi hunufaika sana, na gitaa pia, lakini matoazi na kayamba hupoteza ukali wake, kwa hiyo hizo sizitoi kamwe ndani ya kompyuta.

Kinachonirudisha kwenye kaseti ni kulazimika kuamua. Ndani ya programu ningeimba ubeti mmoja mara nyingi, nikazihifadhi rekodi zote na kuahirisha uchaguzi hadi niuchukie wimbo wenyewe. Kwenye njia ya nne, kuimba upya ni kufuta kilichopo. Katika ubeti wa pili sauti yangu imekwaruza kwenye silabi ya mwisho, pumzi ikiwa imekaribia kukatika. Nimeusikiliza tena na tena, nikaamua ubaki hivyo hivyo. Kiitikio nitakirekodi baada ya kusafisha vichwa vya mashine kwa pamba na alkoholi, kwani njia ya tatu imeanza kusikika kana kwamba gitaa limefunikwa blanketi.