Ugali wa Manjano Jikoni kwa Mama

Tuna majuma mawili sasa hapa Kakamega, magharibi mwa Kenya, na kila jioni sinia inapoletwa, mwanangu mdogo wa miaka sita huuliza swali lile lile: mbona ugali wa Kukhu, yaani nyanya yake, ni mweupe? Yeye alizaliwa Creuse, katikati ya Ufaransa, mashambani hasa, ambako ng'ombe wekundu wa Limousin ni wengi kuliko watu na mkate huletwa kijijini kwa gari. Ugali alioukulia ni wa manjano, kwa sababu huo ndio ninaoweza kumpikia.

Unga mweupe hauuzwi kule kwetu. Duka la vyakula vya Kiafrika lililo karibu liko Limoges, mwendo wa zaidi ya saa moja, na kuufuata unga peke yake ni kuupandisha bei kwa petroli. Kwa hiyo nilianza kununua polenta, unga wa mahindi ya manjano wa Kiitaliano. Pakiti ya kwanza niliichukua bila kusoma maandishi, kumbe ilikuwa ile ya kupikwa haraka, ambayo kiwandani huivishwa kwa mvuke na kukaushwa kabla ya kufungwa. Nilipoutia unga huo katika maji yaliyochemka, uliyanywa yote kwa mkupuo ukawa uji mzito usiokubali kumegeka. Mume wangu, ambaye ni wa huko huko, aliusifu sana, nami nikanyamaza kwa kuwa hakujua alichokuwa akikisifu.

Siku hizi hununua ule mbichi. Punje zake ni kubwa, hivyo huusaga upya kidogo kidogo katika kinu cha kahawa mpaka ukaribiane na unga wa posho mill, halafu nausonga kwa mwiko niliotoka nao nyumbani, moto ukiwa mdogo, kwa muda wa dakika 20 hivi, nikiugandamiza kando ya sufuria mpaka uanze kunukia na kuachana na chuma. Hapo humegeka sawasawa. Una utamu fulani ambao ugali wetu hauna, na sijaamua bado kama naupenda.

Mboga hazikunisumbua nilivyohofia. Majirani hulima maboga, wakachukua boga na kuyaacha majani. Nilipoomba yale machanga, ambayo kwetu huitwa seveve, bibi wa nyumba ya pili alidhani nafuga sungura. Naitoa seveve hiyo nyuzi, naikatakata na kuipika kwa maziwa. Mchicha nao hujiotea katikati ya viazi vyao, na wao huung'oa kama magugu. Mrenda ndio ulionishinda. Nilijaribu bamia badala yake, watoto wakakataa katakata.

Jambo ambalo sijalizoea ni shamba la mahindi lililo nyuma ya nyumba yetu. Mahindi hayo hukatwa yangali mabichi, mabua na majani yote, yakasagwa na kushindiliwa yawe chakula cha ng'ombe wakati wa baridi. Mwaka jana niliomba mahindi matano ya kuchoma. Mwenye shamba alinipa kumi, kisha akasimama pale uani aone kama kweli tutayala.

Basi safari hii mwanangu alisisitiza tumletee Kukhu pakiti moja ya "unga wetu." Mama aliifungua, akamimina kidogo kiganjani, akautazama kwa muda mrefu bila kusema neno.

"Mwanangu," akaniambia hatimaye, "wajukuu wangu unawalisha unga wa njaa?"

Ana sababu. Mwaka 1984 ukame ulipoibana nchi, mahindi ya manjano yaliagizwa kutoka ng'ambo, na Wakenya wa rika lake hawajasahau rangi ile. Mimi nilikuwa bado mgongoni. Yeye ndiye aliyepanga foleni na debe, akarudi na unga ambao, anavyosema, kila aliyeusonga alifunga mlango kwanza ili jirani asione. Nilimweleza kwamba watoto wangu hawakujua njaa hiyo, na kwamba rangi yenyewe ina vitamini. Maneno ya vitamini hayakumwingia hata kidogo.

Hata hivyo, jana alibandika sufuria mbili mafigani. Ya kwanza ilikuwa na unga wa mahindi mapya ya msimu huu, na ya pili ilikuwa na ule wa mjukuu. Mlango aliuacha wazi. Ugali wote ulipakuliwa katika sinia moja, mweupe huku na manjano kule, pamoja na kuku wa kienyeji, na mwanangu akamega wake kwa mkono, bila uma, akimtazama nyanya yake vidole. Mama naye akamega tonge dogo la manjano, akalichovya katika mchuzi, akatafuna polepole kama anayetafuta jiwe.

"Huu mnaununua pesa ngapi?"

Nilimwambia kwamba nusu kilo ni kama shilingi 250. Akahesabu kwa vidole mpaka akafika gorogoro, lile kopo la kupimia la kama kilo mbili.

"Elfu moja! Gorogoro moja!" akasema, akivuta sinia karibu. "Basi tusiache hata chembe."