Walionung'unika Ndio Waliokabidhiwa Meza

Tafakari ya juma
Somo: Matendo ya Mitume 6:1–7

Kanisa la Yerusalemu halikupungukiwa upendo. Watu waliuza mashamba na nyumba ili asiwepo mhitaji kati yao (4:34). Hata hivyo wajane wa upande mmoja walikuwa wakipitwa katika mgao wa chakula wa kila siku. Luka, mwandishi wa Matendo, hasemi walichukiwa, anasema walisahauliwa. Walikuwa Wayahudi wa Kiyunani, watu wa lugha ya ughaibuni, na mgao ulikuwa mikononi mwa wenyeji, Waebrania. Ndipo watu wa upande wao wakanung'unika.

Mitume hawakuitisha mahubiri ya ukarimu. Waliagiza wachaguliwe watu saba, na majina yote saba ni ya Kiyunani. Jina peke yake si ushahidi, maana hata mtume Filipo alikuwa nalo, lakini saba kwa saba si bahati. Wa mwisho, Nikolao wa Antiokia, hata Myahudi wa kuzaliwa hakuwa, alikuwa mwongofu aliyeingia dini ya Kiyahudi. Hao ndio waliowekwa kusimamia meza, yaani mgao ule, na huenda tangu siku hiyo hata mjane wa Kiebrania alipokea chakula kutoka kwao.

Huduma nyingi kwa wahamiaji hukwama hapo hapo. Bango la "karibuni" lipo kwa lugha tano na nguo za msaada zimejaa, ila kwenye kamati inayoamua hakuna mhamiaji hata mmoja. Au yupo mmoja, naye hugeuzwa msemaji wa mataifa yote. Wawekeni wawili au watatu, wapeni ajenda mapema kwa lugha wanayoisoma, na msipange kikao bila kuuliza zamu zao za kazi. Tena msiwaweke watu kundi moja kwa kuangalia pasipoti: wawili wa nchi moja huenda walikimbia vita ile ile, kila mmoja akimkimbia mwenzake.

Ukalimani nao una kanuni zake. Mahubiri ya dakika 30 yakikalimaniwa sentensi kwa sentensi huwa ya saa nzima, kwa hiyo mwenye nusu saa aandae ya dakika 15. Mkalimani apate masomo, nyimbo na muhtasari siku mbili tatu kabla, aitafute mistari katika Biblia ya lugha yake. Kumtaka amtafsiri Isaya papo kwa papo ni kumwonea. Mhubiri naye amalize wazo ndipo anyamaze. Zipo lugha ambazo kitenzi hukaa mwishoni, na ukimkatia sentensi katikati hana cha kusema, atakisia. Wanaokalimani kwa kunong'ona huku mhubiri akiendelea wawe wawili, wapokezane kila dakika 20 hadi 30. Akili huchoka kabla ya sauti, na mwenyewe ndiye wa mwisho kugundua.

Mtoto asifanywe mkalimani wa mambo ya wakubwa. Kwa kuwa watoto hushika lugha upesi, ni rahisi kumwita binti wa miaka kumi mchungaji anapozungumza na mama yake habari za deni au ndoa. Mama hatasema yote, mtoto ataondoka na mzigo usio wake, na nyumbani mamlaka yatapinduka kimya kimya: anayejua maneno ndiye mkubwa. Tafuteni mtu mzima atunzaye siri, ikiwezekana asiwe wa ukoo wao.

Halafu kuna ubatizo wa waombaji hifadhi, ambao unadai uangalifu kuliko yote. Mwombaji anapotaja uongofu wake katika shauri lake, kanisa huweza kuombwa barua. Iandike yale tu kanisa liliyoshuhudia: alianza kuhudhuria lini, alimaliza vipindi vingapi vya mafundisho, alibatizwa tarehe gani, anatumika wapi sasa. Msitabiri yatakayompata akirudishwa, wala msitie chumvi, kwani barua moja iliyozidishwa huzitia doa barua zote zitakazofuata. Daftari la mahudhurio lianze siku ya kwanza, kwa sababu tarehe za kukumbuka-kumbuka hupingana. Mafundisho yasifupishwe kwa kuwa siku ya usaili imekaribia, na chakula au malazi visifungwe na ubatizo hata kwa kudokeza. Picha za ubatizo zisirushwe mtandaoni, maana walioachwa nyumbani wanaweza kuandamwa kwa sababu yake. Fomu za uhamiaji mwachieni wakili, kwa kuwa tarehe moja iliyojazwa kwa kubahatisha inaweza kugeuka ushahidi dhidi ya mtu.

Haya yote mtu anaweza kuyafanya vizuri, na bado akamwona mgeni kuwa wa kupewa tu. Basi mjumlishe na somo la Matendo 18. Akula na Prisila walikuwa wametoka Italia kwa sababu Kaisari Klaudio aliamuru Wayahudi wote watoke Rumi. Paulo alipofika Korintho, ndio waliokuwa na nyumba na kazi. Mtume alikaa kwao, akashona mahema pamoja nao, na baadaye huko Efeso wakamchukua Apolo, mhubiri hodari, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi.