Uzi wa gitaa ulipokatika, mimi nikaamka

Kwa miezi kadhaa nilikuwa mtu wa kazini, nyumbani, simu, usingizi. Jumatatu na Alhamisi nilizitofautisha kwa kuangalia kalenda. Kila niliyemlalamikia alinipa dawa ileile: "Weka spika za masikioni, sikiliza muziki, utachangamka." Nikaweka. Nikalala nazo, nikaamka nimechoka vilevile.

Siku ya kwanza kwenda kuona bendi laivu niliharibu mwenyewe. Niliona nafasi tupu kando ya spika kubwa, nikajipongeza kwa kuwahi. Kumbe wajuzi walikuwa wameikimbia! Kufikia wimbo wa tatu meno yalikuwa yanatetemeka, mwimbaji namwona anafumbua mdomo ila simsikii. Masikio yalilia kama nyenje hadi kesho yake jioni. Baadaye ndipo nikajua kwamba kwenye desibeli 100, ambazo kwa bendi si ajabu, sikio lisilo na kinga linashauriwa lisizidi dakika 15 hivi. Mimi nilikaa saa mbili, tena natabasamu.

Nikarudi na vizibo vya masikio vya sponji, vile vya bei ya kutupa, na ujanja ninaojivunia hadi leo: nilimtafuta fundi mitambo, nikasimama nyuma yake. Yeye hupanga sauti kwa masikio yake mwenyewe, kwa hiyo inayomfaa yeye imekufaa na wewe. Na usiogope kwamba vizibo vitaua besi. Vinapunguza zaidi sauti nyembamba. Ile nzito inakugonga kifuani kama kawaida.

Katikati ya wimbo, uzi wa gitaa ukakatika. Kwenye rekodi kosa hilo usingelisikia kamwe. Pale mpiga besi alimtupia jicho mpiga ngoma, ngoma zikashuka, wakawa wanazunguka kwenye mapigo manne yaleyale huku mwenzao kapiga goti, anafunga uzi mpya, anakaza kifungo, anainamisha sikio, anakaza tena. Tukaanza kumpigia makofi kwa mapigo hayohayo. Alipodakia wimbo ukumbi ulilipuka, na mimi, mtu wa kalenda, nikapiga mluzi ambao sikuupiga tangu shuleni.

Siku hizi naenda Jumatano. Anayekwambia usubiri wikiendi anakupotosha. Wikiendi haina shida, kinachokukaba ni katikati ya juma. Nenda hata peke yako. Marafiki zangu mpaka leo wanasema watakuja mwezi ujao.

Alhamisi iliyopita bosi aliniuliza nagonga nini mezani na kalamu. Yalikuwa yale mapigo manne.